Swali la Mama Ukumbini Nkrumah

Katikati ya mwaka 2018 nilikuwa na blogu ya habari. Haikuwa kubwa, ila kwa kijana aliyemaliza chuo akakosa ajira, ndiyo ilikuwa ofisi yangu. Mwaka huohuo zikatoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, nasi wenye blogu tukatakiwa kuwa na leseni. Ukijumlisha ada zote, hesabu ilipita shilingi milioni 2. Mimi hata laki mbili sikuwa nazo.

Kwa hiyo niliposikia kuna mhadhara wa wazi pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuhusu maadili ya habari, teknolojia na demokrasia, nilikwenda na hasira zangu. Ukumbi wa Nkrumah, ule tuliozoea kuuona nyuma ya noti ya shilingi 500, ulijaa hadi wengine tukasimama ukutani.

Mzungumzaji alianza na Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza iliyotumia taarifa za watu kwenye kampeni za kisiasa. Miezi michache nyuma ilikuwa imefichuka kwamba taarifa za watumiaji wa Facebook wanaokadiriwa kufika milioni 87 ziliangukia mikononi mwao. Alipotukumbusha kwamba kampuni hiyohiyo ilifanya kazi kwenye kampeni za uchaguzi Kenya mwaka 2013 na 2017, ukumbi mzima uliguna. Akaja kwenye kanuni zetu. Hapo nilipiga makofi hadi viganja vikauma, na bado naamini alisema kweli: ukiweka bei kwenye kusema, maskini ndiye wa kwanza kunyamaza.

Wakati wa maswali nilinyoosha mkono. Kipaza sauti kikapewa mama mmoja wa makamo, amejifunga kilemba cha kitenge.

"Shikamooni wakubwa. Wanangu, hamjambo." Akanyamaza kidogo. "Mdogo wangu alikuwa kondakta wa basi. Siku hiyo nakaanga maandazi, simu inalia, inalia, mikono ina unga, nikaiacha. Mwanangu ndiye aliyeifungua. Akaniambia, mama, hii si saa ya mjomba?"

Hakuna aliyekohoa.

"Sura ilikuwa haionekani. Tulimjua kwa saa. Basi limepinduka alfajiri, saa moja asubuhi picha imeshafika jikoni kwangu. Polisi wamenipigia saa tano. Sasa nimewasikiliza. Mmesema Wazungu wametuibia taarifa, mmesema Serikali inawabana. Sawa. Huyo aliyempiga picha mdogo wangu akiwa vile, alimwomba nani ruhusa?"

Akarudisha kipaza sauti, akakaa. Mzungumzaji alivua miwani. Akampa pole, akaanza kueleza sheria inasemaje, akaishia katikati ya sentensi. "Mama, leo sina jibu la kukutosha," alisema. Nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa mhadhara wote.

Mkono wangu ulikuwa bado juu. Niliushusha.

Mwezi Machi nilikuwa nimeiwahi ajali moja barabara ya Morogoro. Nilifika kwa bodaboda kabla ya gari la wagonjwa, nikajisifu kwa hilo. Nilipiga picha ya majeruhi na marehemu waliofunikwa kanga, nikaiweka kwenye blogu. Tangu nianze, hakuna habari iliyosomwa kama ile. Chuoni tulifundishwa kwamba mwandishi haingilii majonzi ya watu, na mtihani wa somo hilo nilifaulu vizuri. Nilijiambia sura hazionekani, basi hakuna kosa. Lakini pembeni ya kanga moja ulitokeza mguu wenye ndala ya bluu, kamba yake imeungwa kwa waya. Mtu aliyeiunga ile kamba, au aliyekaa naye akiiunga, angeijua palepale. Jambo hilo halikuwahi kunipitia kichwani mpaka niliposikia habari ya ile saa.

Nje nilimtafuta yule mama, nisijue hata ningemwambia nini. Alikuwa ameshaondoka. Nikapanda daladala ya kwenda Kimara, na kabla hatujafika Ubungo nilikuwa nimeifuta ile picha.

Mwezi wa nane shangazi yangu akatuma picha kwenye kundi la familia la WhatsApp, na maneno: "Ajali ya leo asubuhi Mbeya, tuwaombee." Nikaifungua. Kanga zilezile. Ndala ya bluu, kamba yenye waya. Na kwenye kona, kwa herufi nyekundu nilizozichagua mwenyewe, jina la blogu yangu.