Kuku aliyewika sahanini

Mara ya kwanza kuwaalika watu niwachomee kuku, nilijiona fundi. Nilikuwa na kuni, wavu mpya na mapaja 12 yaliyolala kwenye viungo usiku kucha. Moto ulipowaka hadi ndimi zake zikapenya juu ya wavu, nikayapanga yote kwa mpigo. Dakika kumi baadaye yalikuwa meusi tii, nikayaepua kwa madaha.

Shemeji yangu ndiye aliyeanza kung'ata. Alitafuna kidogo, akanyamaza, akaligeuza paja na kunionyesha upande wa mfupa. Nyama ilikuwa ya waridi, inateleza, na damu imejikusanya kwenye kiungo. "Shemeji," akasema, "kuku wako bado anawika."

Siku ile tulishiba mkate.

Nilichukua muda kukubali kwamba tatizo halikuwa viungo wala kuku. Nilikuwa napikia ndimi za moto, wakati mpishi halisi ni makaa. Ndimi zinapanda na kushuka zinavyotaka, zinaipaka nyama masizi, na ngozi inaungua kabla joto halijafika ndani. Siku hizi nawasha mapema, kisha nakaa mbali na wavu. Makaa yananichukua karibu nusu saa hadi yavae majivu ya kijivu, huku ndani yakibaki mekundu. Kuni ni zaidi ya hapo, maana lazima ziteketee zigeuke makaa kwanza. Natumia kuni za mti mgumu, zilizokauka kweli. Kuni mbichi hutoa moshi unaokera macho na kuacha uchungu kwenye nyama, na miti yenye utomvu mwingi kama msonobari inajaza masizi. Wanaomwagia moto mafuta ya taa ili uwake haraka, shauri yao. Mimi chakula chenye harufu ya taa hakipiti kooni.

Jambo lililonibadilishia kila kitu ni dogo kiasi cha kuudhi: makaa yote nayasogeza upande mmoja, upande wa pili nauacha mtupu. Sasa nina moto mkali na moto wa pembeni kwenye wavu uleule. Kupima, natumia kiganja. Nakiweka juu ya wavu, kimo cha upana wa mkono hivi, na kuhesabu taratibu. Nikilazimika kukiondoa kwenye mbili au tatu, hapo ni pakali. Nikifika tano au sita, ni moto wa wastani. Upande mtupu naweza kuhesabu hadi nichoke.

Mapaja naanza nayo upande huo wa pembeni, nimefunika. Hapo yanaiva polepole na mafuta yake yanadondoka pasipo na makaa. Zamani tone la mafuta lilikuwa likigusa kaa, "chwaa!", moto unalipuka, nami namwagia maji kama mzima moto, majivu yanaruka na kutua juu ya nyama. Sasa moto ukilipuka nalivuta paja pembeni kwa koleo, basi. Yakikaribia kuiva ndipo nayahamishia juu ya makaa, dakika mbili tatu, nikiyageuza mara kwa mara hadi ngozi ikakamae. Mchuzi wenye asali au sukari naupaka wakati huo tu. Sukari huungua upesi mno, na ile iliyokuwa kwenye viungo vyangu ilisaidia kuyatia weusi mapaja yangu yale 12 hata kabla ndani hakujapata joto.

Halafu nikanunua kipimajoto cha nyama. Nilikuwa nakidharau, nikiona ni kitu cha watu wasiojiamini. Kumbe kumtazama kuku kwa macho ni kubahatisha: maji yanayotoka yanaweza kuwa meupe na ndani bado, au nyama ya karibu na mfupa ikabaki na wekundu ilhali imeiva. Nachomeka ncha katikati ya mnofu mnene, bila kugusa mfupa, kwa sababu mfupa unadanganya kipimo. Kuku ni salama akifika nyuzi 74 za Selsiasi. Paja mimi nalipeleka hadi 80 na zaidi kidogo, kwani lina nyuzinyuzi ngumu zinazolainika huko juu. Kidari ukikifanyia hivyo utatafuna ubao.

Chumvi naipaka saa kadhaa kabla. Sahani iliyobeba kuku mbichi hairudi kupokea aliyeiva. Hilo sikuwa nikilifikiria kabisa, na nikikumbuka siku zile nashukuru hakuna aliyeumwa tumbo.

Shemeji alirudi. Alisimama karibu na wavu akijifanya anaota moto, nami nikachomeka kipimajoto kwenye paja lililokuwa mbele yake. 82. Alikula matatu bila kusema neno, na kwa ninavyomjua, huko ndiko kusifu kwake.

Samaki ndiye bado ananisumbua. Namkausha vizuri, nampaka mafuta, nasubiri wavu upate moto sawasawa na simgusi hadi aachie mwenyewe, na bado mara moja moja nusu ya ngozi inabaki kwenye vyuma. Wiki iliyopita iliyobaki ilikuwa mkia mzima.