Nilivyotoa alamu mbovu kwenye pikipiki bila kuharibu wayaringi

Wakuu, hizi alamu za kufungiwa baadae, zenye kiboksi, rimoti na king'ora kidogo, zikiwa nzima zinasaidia kweli ila zikianza kuumwa ni mateso. Nimeamua kuandika nilivyoitoa ya kwangu kwa sababu watu wengi hasira zikiwapanda wanachukua koleo wanakata waya zote, alafu pikipiki haiwaki tena, wanaanza kubadilisha CDI (kile kifaa kinachopeleka moto kwenye plagi) na plagi na swichi wakati tatizo ni waya mmoja tu umeachwa wazi.

Ya kwangu ilianza kulia yenyewe mvua ikinyesha, baadae ikawa hata gari kubwa likipita tu inalia, nikapunguza ukali wa ile sensa ya mtikisiko wapi. Hilo la kelele ningevumilia. Kilichonitisha ni ilipoanza kuzima injini nikiwa barabarani, yani unatembea vizuri tu ghafla injini kimya, indiketa zote zinawaka na kuzima, king'ora kinalia na nyuma yako kuna magari. Hapo sio kero tena, hapo ni roho ya mtu. Alamu yenye uwezo wa kukata injini ikishaanza kuchanganyikiwa usiendelee kuendesha nayo hata kwa safari fupi.

Na betri nayo ilikuwa inaisha. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika inasoma kama 12.6 hivi au zaidi kidogo, ya kwangu asubuhi ilikuwa inasoma chini ya 12 na stata inagonga tu tik tik. Nikapiga kiki ikawaka, nikapima tena injini ikiwa juu kidogo inasoma 14 na pointi, kwa hiyo chaji ipo sawa, kuna kitu kinanyonya umeme pikipiki ikiwa imelala. Kukijua ni rahisi: swichi imezimwa, unatoa waya wa hasi kwenye betri, multimita (kile kipimo cha umeme) unaiweka upande wa ampia (ule mdomo wa ampia 10), pini moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye ule waya uliotoa. Usiwashe swichi wala kugusa stata hapo, fyuzi ya mita itaungua. Mimi ilionyesha umeme unapita, nikachomoa fyuzi ya alamu namba ikashuka karibu na sifuri. Mwizi kajulikana.

Kabla ya kugusa kitu nilitoa siti na kava za pembeni nikapiga picha kwa simu kila kona, alafu hasi ya betri ikatoka kwanza. Hasi inatangulia kwa sababu spana ikiteleza ukiwa unafungua chanya na ikagusa chasisi unapata shoti, hasi ikishatoka hata ikigusa hakuna kitu. Angalia pia king'ora, vingine vina betri yao ndani, ukikata umeme ndio vinaanza kupiga kelele.

Sasa sehemu yenyewe ni hii, na kama utashika kitu kimoja tu shika hapa. Waya za alamu ziko za aina mbili: zilizodandia na zilizokata njia. Zilizodandia zimeunganishwa juu ya waya wa pikipiki bila kuukata, kwa mfano moto wa betri, ethi (waya wa hasi unaoishia kwenye chasisi), waya mbili za indiketa na ule unaoiambia alamu kwamba swichi imewashwa. Hizo ukizitoa pikipiki haijali. Zilizokata njia ni pale fundi alipoukata waya wa pikipiki wenyewe, ncha moja akaipeleka kwenye waya mmoja wa alamu na ncha ya pili kwenye mwingine, umeme wa kuwasha injini ukawa lazima upite ndani ya kiboksi. Ni kama daraja, ukiling'oa huvuki. Ndio maana mwanzoni, kabla sijatoa hasi, nilipochomoa soketi ya kiboksi kwa majaribio injini haikuwaka kabisa, nikajua kuna waya umekatwa mahali na lazima ncha zake zikutane tena.

Kwenye pikipiki nyingine hawakati, wanadandia ule waya wa kuzimia injini, ambao ukigusishwa ethi injini inakufa. Huo unatoa tu waya wa alamu basi, lakini usije ukaupelekea moto wa betri kwa kujaribu, CDI inaweza kufa palepale.

Kuhusu rangi, tafadhali usiziamini. Waya mweusi wa alamu kwa kawaida ni ethi, lakini kwenye Honda na pikipiki nyingi zilizofuata mfumo wake ethi ni ya kijani, na mweusi ndio moto unaotoka kwenye swichi! Ukienda Yamaha mweusi ndio ethi. Kwa hiyo nilifuata kila waya kwa mkono, naufungua tepu taratibu mpaka naona unapoishia. Waya mbili za alamu zikiishia kwenye ncha mbili za waya wenye rangi moja, hapo ndio palipokatwa.

Nilipofika pale nikaona kitu kilichoniuma. Ncha zilikuwa zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu tu, shaba imekuwa ya kijani kwa maji, na tepu imeyeyuka kwa joto. Mpaka leo naamini nusu ya ule ugonjwa wa kuzima barabarani ilikuwa ni hilo ungio, sio kiboksi peke yake. Hata alamu nzuri kiasi gani ukiifunga hivyo lazima itasumbua.

Nikakata sehemu iliyooza mpaka shaba inayong'aa, nikavalisha kwanza kile kimpira kinachosinyaa kwa joto (ukisahau kukivalisha kabla huwezi tena baadae), nikasokota ncha mbili za waya wa pikipiki, nikalehemu kwa risasi, nikashusha kimpira nikakipasha moto. Pale zilipodandia nilitoa waya wa alamu, nikasafisha shaba, nikapitisha risasi kidogo na tepu nzuri juu yake. Ule waya wa moto wa alamu nilioukuta kwenye chanya ya betri nilitoa wote mpaka kwenye nati, maana kipande cha waya wenye moto kikibaki kinaning'inia chini ya siti kinaweza kuleta shoti.

Kabla ya kurudisha kava nilirudisha hasi na kujaribu kila kitu: indiketa, breki, honi, taa, stata. Injini ikiwa inawaka nikazungusha usukani kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho, kama kuna waya unavutika ndio hapo injini inakatika. Haikukatika. Nikapima tena ampia swichi imezimwa, hakuna kinachonyonya, na asubuhi stata ikaita mara moja.

Kwa ulinzi sasa hivi nafunga usukani na naweka kufuli ya diski. Nikitaka kelele tena nitachukua kufuli ya diski yenye king'ora na betri yake ndani, ile haigusi waya hata mmoja wa pikipiki. Ila kumbuka kuitoa kabla hujaondoka, inashika gurudumu na utaanguka.