Mifuko tisa ya udongo kutoka Magadi
Jumamosi tulitoka Nairobi mimi na binamu yangu, anasomea wadudu wa udongo, tukaenda Magadi, kama kilomita 110 hivi. Njia siielezi, ukishapita Kiserian ni kuteremka tu na joto linazidi, na soda ya moto nikauziwa bei ya hoteli kubwa, bado inaniuma.

Kando ya ziwa kuna nyasi fupi ngumu zinadunga hadi ndani ya soksi, na udongo umeshika magadi meupe, ukikanyaga unavunjika kama ganda la yai. Nilijua hapo hakuishi kitu. Binamu akageuza kinyesi kikavu cha ng'ombe kwa panga, loh, chini yake udongo mbichi umelowa na mchwa wanakimbilia mashimoni! Saa saba mchana, mvua haijaonekana miezi. Akaniambia mchwa ndio wanautoa huko chini wakiubeba kwa mdomo tembe kwa tembe, wanafunika chakula chao kisikaushwe na jua, na kiangazi wao ndio hula kinyesi, wale mende wa kusukuma mavi hungoja mvua.

Tukajaza mifuko tisa. Kurudi sasa, kondakta akasema kila mfuko shilingi mia, tukatoa 900, na bado akairusha juu ya keria kwa jua kali. Binamu akamwomba, kaka tafadhali, humo kuna vitu viko hai. "Hiyo ni mchanga tu, madam." Nikaokoa mmoja, nikaupakata umefungwa leso yenye maji.

Nyumbani tukapanga faneli za kutoa wadudu kwa udongo, udongo ndani, balbu juu, chupa ya spiriti chini, mbinu ya Mwitaliano Berlese tangu 1905 ila yeye alitumia maji moto. Mdudu anakimbia joto na ukavu, anashuka mpaka anaanguka chupani. Lakini lazima ashuke mwenyewe, aliyekufa hashuki. Siku tatu, mifuko minane, chupa nane tupu, binamu akalia. Ni kweli wote wangeishia kwa spiriti, lakini wangehesabiwa.

Ule wa mapajani ulitoa utitiri wadogo kama nukta ya kalamu, na kolembola weupe wawili, wale wa kuruka bila mabawa.

Kwetu Kakamega ukichimba unapata nyungunyungu wanene kama kidole na hakuna anayewaangalia. Mama akiweka magadi kwa mrenda ni kipande kidogo tu, kikizidi chakula hakiliki, na hawa wadudu wa Magadi wanalala humo ndani. Usiku wa tatu niliamka mara mbili kuangalia ile chupa.

Mwezi ujao tunarudi, na gari tutakodi, mafuta nitalipa mimi.