Nilivyorudishiwa pesa ya tiketi ya mama baada ya kukataa vocha

Mama alikuwa aende Frankfurt kuona mjukuu, dada yangu alikuwa amejifungua kule, na mimi ndio nilinunua tiketi kwa tovuti ya kampuni yenyewe ya ndege, kwa kadi yangu, kama laki na ishirini hivi kwenda na kurudi. Wiki tatu kabla ya safari imeili ikaingia saa tano usiku: ndege imefutwa, bonyeza hapa upate vocha ya mwaka mmoja, yaani badala ya pesa upewe salio la kununulia tiketi ingine kwao.

Karibu kila mtu niliyemuuliza alisema nichukue. Jamaa mmoja wa kuuza tiketi pale Moi Avenue akaniambia, "Hao hawarudishangi pesa bro, chukua vocha ushukuru Mungu." Huo ushauri unaniuma mpaka leo. Vocha iko kwa jina la mama, mama ana miaka 68, alikuwa hajawahi kupanda ndege, na mtoto anazidi kukua. Atafanya nayo nini?

Basi nikapiga simu. Kredo ya kama 700 ikaishia kwa muziki tu, nikaweka nyingine, hatimaye dada wa kastoma kea akashika, mpole sana, akaniuliza, "Kwa hivyo unataka tukufutie safari?" Nikasema ndio, futa, nirudishie pesa yangu. Hapo ndipo niliharibu. Kumbe ameandika kwa mfumo wao kwamba abiria mwenyewe ndiye ameghairi, na kesho yake naletewa imeili kwamba nitarudishiwa kodi peke yake, elfu tisa na kitu! Nilikaa jikoni nikashindwa hata kumwambia mama. Kwa hivyo usiwahi kuwaambia wafute. Sema hivi: nyinyi mmefuta, nataka pesa yote. Kilichoniokoa ni ile imeili yao ya kwanza, ilikuwa na tarehe na saa, na ilikuja kabla sijapiga simu.

Dada yangu ndiye alinitumia sheria ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004. Nilidhani ni ya Wazungu. La, inamlinda hata mtu anayepandia JKIA hapa Nairobi, mradi anaenda Ulaya na ndege inayombeba ni ya kampuni ya Ulaya kama hii yetu (ingekuwa ya nchi za Ghuba haingenisaidia). Kifungu cha 8 kinasema ndege ikifutwa unarudishiwa pesa ndani ya siku 7, na cha 7 kinasema vocha ni mpaka abiria akubali kwa sahihi. Mama hakuwa ametia sahihi popote. Kuna mwingine alinichochea nidai na fidia ya yuro 600 juu yake, lakini hiyo haikuwa haki yetu, walitujulisha zaidi ya siku 14 kabla.

Nikaandika imeili fupi, mistari kama sita, nikataja hivyo vifungu, nikaambatanisha ile imeili ya kwanza, na nikawaambia siku 7 zikiisha naenda benki kupinga malipo ya kadi, ili benki ndiyo iwadai pesa irudi. Na kweli siku ya nane kimya, nikaenda, nikajaza fomu ya disputi, nikawaachia kila kitu nimeprinti. Hapo nilishukuru nililipa kwa kadi, maana ningempa mtu kashi ningekuwa namfukuza yeye.

Siku nne baadaye kampuni ikajibu yenyewe. Wameomba msamaha, pesa yote inarudi. Iliingia Jumanne nikiwa kwa matatu ya Rongai, nikasoma ile mesej ya benki mara tatu halafu nikampigia mama. Akaniuliza, "Yote, mwanangu?" Yote mama.

Aliondoka Januari na ndege ya kampuni ingine, na mfuko mzima wa unga wa wimbi wa kumpikia dada yangu uji.