Kitakunjika

Huu ni usiku wa tatu. Jumanne kliniki nilimuuliza daktari, "Kitarudi kuwa kama zamani?" Alikuwa amekishika kidole changu, anachungulia pale waya zinapoingia kwenye ngozi. Hakuinua uso. "Kitakunjika, dada." Basi. Akaandika kwenye faili, akaitwa mgonjwa mwingine.

Mimi niliuliza kama zamani. Yeye kanijibu kitakunjika.

Mdogo wangu amejifungua salama, nasi hatimaye tumehama, lakini nikiweka kichwa kwenye mto ni neno hilo tu. Nimelitamka kwa sauti ya mtu aliyechoka, nikalirudia kwa sauti ya mtu anayekuficha jambo. Baba watoto anasema daktari hana muda wa mafumbo. Huenda. Ila yeye hashoni. Hiki ndicho kidole changu cha subana, kile kikofia cha kusukumia sindano, na kiungo cha kati kimevimba hivi kwamba subana haipiti hata kwenye ndoto. Nimeambiwa uvimbe wa kiungo kilichovunjika hukaa miezi mingi, na pengine unene kidogo hubaki moja kwa moja.

Mpira wa kuchezea ulinigonga kwenye ncha, kidole kikiwa kimenyooka. Mfupa ukasukumwa ndani ya mwenzake, na kile kitako kinachoupokea kikapondeka. Nilidhani nitafungwa plasta. Daktari akaeleza kwamba vipande ni vidogo mno kwa skrubu, na kiungo cha kidole kikilazwa wiki kadhaa bila kusogea hukakamaa. Ndiyo maana nina hizi waya nyembamba zilizopita upande hadi upande, zimekunjwa nje na kuunganishwa kwa mipira midogo ya kuvutika. Mipira inavuta kidole kwa urefu, kano zinazoshika kiungo zinakazika, nazo zinavirudisha vipande karibu na mahali pake. Na huku kinavutwa, mimi nakikunja. Namna hii ya waya na mipira ilielezwa na daktari Suzuki na wenzake mwaka 1994. Nilipoisoma nilikaa kimya muda mrefu. Kuna mtu alifikiri kwamba mfupa uliovunjika kiungoni uachwe utembee ili upone! Gegedu, lile tabaka telezi la mwisho wa mfupa, hunufaika kiungo kikisogea.

Kwa hiyo kila saa nakunja mara kumi. Asubuhi na jioni nasafisha matundu ya waya na kuangalia wekundu au usaha, maana vijidudu vikiingia hapo vinaweza kuufuata mfupa. Bado wiki tatu zitolewe, picha ikiwa nzuri.

Leo alasiri nilikuwa kwenye ya saba au ya nane, nikasimama. Nilikumbuka mkono wake.

Siku zote hizi nimekuwa nikiutazama uso wa daktari, ule uso ambao haukuinuka. Sikuwa nimetazama mkono. Aliposema "kitakunjika" kidole gumba chake kilikuwa kinasukuma ncha ya kidole changu, taratibu, na kiungo kilikuwa kinakwenda. Kilikwenda mbali kuliko nilivyowahi kukipeleka mwenyewe kwa hofu yangu. Alikuwa ananionyesha. Mimi nikawa nasubiri neno.

Nikakisukuma vile vile. Kiliuma, kikaenda. Nikaokota sindano mezani kwa gumba na hicho hicho, nikaishika mpaka machozi yakanitoka, na sikuyafuta. Kama zamani bado sijui. Lakini Jumanne ijayo sitamuuliza tena swali lile, nitamwomba anionyeshe umbali gani nisukume.

Sasa ni saa sita usiku na nimetoka kuchungulia watoto. Yule wa mwisho, tangu tuhame, analala na viatu vyake kando ya mto, vimefungwa kamba. Hajauliza neno lolote kuhusu nyumba ya zamani. Leo ni usiku wake wa nne akilala hivyo.