Jirani Amepaua

Ndugu zangu wa Tanga, na wote mnaosoma nasi kila wiki, amani iwe kwenu.

Safari hii tukae kwenye aya moja tu, ya 33 katika sura ya kwanza ya Yoga Sutra, kitabu cha kale cha mafundisho ya yoga. Patanjali, mwalimu anayetajwa kuwa mtunzi wake, anasema moyo hutakata na kutulia mtu anapojizoeza mambo manne: urafiki kwa walio na raha, huruma kwa walio na dhiki, furaha kwa watenda mema, na kutochukuliwa na maovu ya watenda maovu. Tazameni mahali alipoiweka. Kutoa pumzi na kuizuia kunakuja katika aya inayofuata, ya 34. Mikao ya mwili haifafanuliwi mpaka sura ya pili, aya ya 46, na hata hapo inapewa aya tatu tu. Kabla hajatufundisha kupumua, mwalimu ameshatuuliza tunaishije na watu. Nalisema hili kwa sababu wako wanaokuja kwenye mazoezi yetu Raskazone alfajiri wakiamini kwamba kiuno kikilainika basi na roho imekua.

Huruma tunayo. Msiba ukitokea Ngamiani, Makorora au Chumbageni, hakuna anayengoja kualikwa. Mikeka inatandikwa, mwenye sufuria kubwa anaileta, vijana wanakwenda kuchimba kaburi. Hapo sina la kuongeza, ila kuwashukuru waliotulea hivyo.

Kazi iko kwenye lile la kwanza. Mwenzio amepata. Mlinunua viwanja Kange mwaka mmoja. Wewe umeishia kwenye msingi, majani yameota vyumbani, na yeye ameshapaua, bati zinang'aa toka barabarani. Unapita unasema, "Hongera jirani, Mungu akuzidishie." Maneno ni mazuri. Sasa uangalie mwili wako dakika ileile. Taya zimebana. Pumzi imepanda juu kifuani, inatoka fupifupi. Macho yanahesabu madirisha. Akili nayo imeshaanza: hizo hela kazitoa wapi, na mshahara wake tunaujua? Hujafika kwako, umeshamtungia kesi na kumhukumu. Wazee walisema hasidi hana sababu, na kweli hakuna baya ulilotendewa. Nyumba imejengwa kwenye kiwanja cha mtu, kwa jasho lake, ila usingizi umekutoka wewe.

Dawa iliyoandikwa kwa ugonjwa huu ni urafiki, na mimi naiona ina hekima kubwa. Hatuambiwi tukandamize kijicho wala tujifanye hatukioni. Tunaambiwa tubadilishe nafasi ya yule mtu moyoni. Hakuna mama anayekosa usingizi kwa sababu mwanawe amepaua. Bati ni zilezile, mng'ao uleule. Aliyebadilika ni mwenye nyumba, kwamba huyu ni wangu.

Basi jaribu hivi. Keti, mgongo wima, mabega yashuke. Mlete mbele ya moyo mtu mmoja ambaye neema yake inakuchoma, mwone siku anahamia, watoto wake wakigombea chumba. Toa pumzi polepole, ndefu kuliko uliyovuta. Mwombee azidi kupata, kwa Mola wako na kwa namna uliyofundishwa nyumbani kwenu. Uwe Mhindu, Mwislamu au Mkristo, Yoga Sutra yenyewe inahesabu kujisalimisha kwa Mungu kuwa sehemu ya njia hii. Kifua kitakataa. Kisipokataa, pengine umechagua mtu asiyekuuma. Katika sura ya 6 ya Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, shujaa Arjuna analalamika kwamba kuizuia akili ni kazi ngumu kama kuuzuia upepo, na Krishna, Mungu anayemfundisha, hambishii. Anakubali kwamba ni ngumu, kisha anamwambia inawezekana kwa mazoezi na kwa kuacha kung'ang'ania. Maneno hayo yamenibeba mara nyingi.

Furaha kwa watenda mema haihitaji maneno mengi. Ukimwona mtu anatenda wema, furahi bila kutafuta anachokitaka nyuma yake.

Hilo la nne ndilo linaloeleweka vibaya. Kutochukuliwa na maovu si kufumba macho. Mtu akidhulumu shamba la yatima na wewe uliona, nenda katoe ushahidi, kwa mtendaji wa mtaa au mahakamani. Ukitoka huko, mwache hukohuko. Usirudi naye nyumbani ukala naye na kulala naye. Vyasa, mfafanuzi wa kale wa aya hizi, anapofika sura ya 3, aya ya 23, anasema nguvu huzaliwa na yale matatu, urafiki, huruma na furaha, kwa kuwa hayo ndiyo ya kuketi na kuyatafakari. Maovu ya mtu hatuketi kuyatafakari. Nawaomba sana wenye vidonda vya kudhulumiwa mlisome hili taratibu, maana wengi wetu tumekuwa tukiketi kwa dua huku tunaowaza ni waliotuumiza.

Jumamosi tutaanza na aya hii kabla ya mikao. Kila mmoja aje na mtu wake mmoja moyoni, na asimtaje kwa yeyote, hata kwangu. Na ikiwa njia yako ya kurudi nyumbani inapita mlangoni kwake, piga hodi, umsalimie, umwombe akuonyeshe vyumba.