Uso wa Henson na bati la dada

Tangu Januari nachora sura za watu waliosafiri kwenda kwenye ncha za dunia. Nachora usiku, chumbani kwangu Tandika, feni nimeielekeza ukutani isipeperushe karatasi. Joto la Februari hapa Dar mnalijua. Kiganja kinalowa jasho, ukikiburuta kidogo tu kazi ya saa mbili imechafuka. Siku hizi naweka tishu chini ya mkono na kuibadilisha kila inapolowa.

Nilianza na Edward Wilson, daktari aliyekuwa na Scott, Mwingereza aliyeongoza msafara wa Ncha ya Kusini, kwa sababu naye alikuwa mchoraji. Kwenye baridi ile rangi za maji zinaganda, hivyo akiwa nje alitumia penseli, akiandika pembeni majina ya rangi alizoziona, na akirudi kibandani ndipo anapaka. Weupe wa theluji ulimuumiza macho mpaka akashindwa kuona kwa muda, na bado akaendelea kuchora. Tarehe 17 Januari 1912 yeye, Scott na wenzao watatu walifika Ncha ya Kusini wakakuta hema la Amundsen, Mnorwe aliyekuwa akishindana nao, aliyefika tangu 14 Desemba 1911. Wote watano walifia njiani wakirudi. Wapo kwenye picha moja waliyopiga palepale. Bowers, aliyeketi mbele, ndiye aliyeipiga kwa kuvuta uzi. Yale macho yao nimeyarudia mara nyingi, na kila mara nikimaliza nalala vibaya.

Lakini aliyenitesa hasa ni Matthew Henson.

Habari zake nilizijua ukubwani, na iliniuma kwamba nimechelewa kiasi hicho. Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Maryland mwaka 1866, alisafiri na Robert Peary, mpelelezi Mmarekani wa nchi za barafu, kwa zaidi ya miaka 20. Alikuwa akiongea lugha ya Wainuiti, wenyeji wa kaskazini kule kwenye barafu, akiunda sleji za kuteleza kwenye theluji na kuendesha mbwa wanaozikokota. Walisema kuwa tarehe 6 Aprili 1909 walifika Ncha ya Kaskazini. Wataalamu wanabishana mpaka leo kama walifika penyewe au walikaribia tu. Barafu waliyoivuka lakini waliivuka kweli. Peary alirudi akavikwa medali. Henson akaja kufanya kazi ya ofisi ndogo kwenye forodha ya New York.

Picha yake inayojulikana ni ile aliyovaa kofia ya manyoya iliyozunguka uso. Nikaipeleka steshenari wanichapie, ikatoka doa jeusi katikati ya manyoya meupe. Nami nikachora doa hilohilo. Nilikandamiza penseli ya 6B, ile laini yenye weusi mzito, mpaka karatasi ikang'aa, na nilipoitazama asubuhi hapakuwa na mtu mle ndani. Nilirudia mara tatu, ikawa vilevile.

Jumamosi moja dada alikuwa ameleta bati jipya la kuezekea jiko, limelazwa uani. Mwanawe akapita karibu yake saa sita mchana, na uso wake ukawaka kutokea chini. Nikamsimamisha palepale. Nikamfunika kichwa kwa blanketi, nikamkalisha kwenye kigoda mbele ya bati, nikamwahidi barafu mbili za ubuyu.

Chini ya pua, mahali ambapo siku zote naweka kivuli, palikuwa panang'aa. Chini ya nyusi vilevile. Kingo za kope za chini zilikuwa na mstari mwembamba wa mwanga kama zimepakwa mafuta, na giza lilikuwa limebaki kwenye mikunjo ya blanketi tu. Theluji inafanya kazi hiyohiyo ya bati: mwanga unapiga chini, unarudi usoni.

"Anko, huyu naye alifika huko kwenye barafu?" aliniuliza, jasho likimtiririka shingoni. Nikamwambia ndiyo, na nikamwonyesha picha. Aliitazama muda mrefu, blanketi bado kichwani.

Usiku ule nilianza upya kwa 2B, penseli isiyo nyeusi sana, mkono mwepesi, viduara vidogovidogo, karatasi nikiiacha ipumue kwenye mashavu. Kwa wembe nilichonga raba ikawa na ncha, nikainua mwanga chini ya pua na kwenye mdomo. Ile 6B niliigusisha ndani ya kofia na kwenye mboni, basi. Kama saa saba usiku akanitazama.

Sasa nimewageukia Wainuiti wanne waliosimama naye siku ile: Ootah, Egingwah, Seegloo na Ooqueah. Katika picha aliyoipiga Peary, Henson yuko katikati yao, na kila uso ni mdogo kama punje ya mchele. Nimeanza na Ootah. Bati limeshapigiliwa jikoni, kwa hiyo nimeazima sinia kubwa la pilau la mama mwenye nyumba, na mpwa wangu keshaniuliza kama barafu zitakuwa mbili tena.